Mzee kalazwa na korona, D-dimer 2.4: naombeni ushauri

Kifaurongo (mleta mada)
Wakuu, poleni na majukumu. Mzee wangu, miaka 67, amelazwa kwa korona, anapumulia oksijeni. Nimepiga picha karatasi ya vipimo vya damu, imejaa mishale: limfosaiti 0.6, CRP 148, feritini 1,320, D-dimer 2.4 wakati mwisho wa kawaida wameandika 0.5. Sukari nayo imeruka hadi 14 na hajawahi kuwa na kisukari. Daktari kapita mbio, kasema "tunafuatilia". Naomba kujua kitu kimoja tu: hiyo D-dimer maana yake damu imeshaganda mapafuni?

Bitozi_Mstaafu
Pole mkuu. Baba mkwe alilazwa 2021, hatukuuliza hata kipimo kimoja. Leo anagombana na kila jirani. Acha kusoma karatasi.

Kitabu Wazi
Wuhan walifuatilia wagonjwa 191 waliolazwa, ikachapishwa Machi 2020. Walioingia na D-dimer zaidi ya 1 walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Jiandae kisaikolojia.

Nesi wa Zamu
Kitabu Wazi, hayo ni ya kundi, hayamsemi mzee wa mtu. Mleta mada, D-dimer ni mabaki ya damu iliyoganda kisha ikavunjwavunjwa. Hupanda kwa maambukizi na hata kwa umri peke yake. Bonge la damu mapafuni huthibitishwa kwa picha ya CT, si kwa namba hiyo. Limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) kushuka na CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) kupanda tunaviona sana kwa waliozidiwa na korona. Tunachotazama ni zinaelekea wapi kipimo hadi kipimo. Sukari muulize daktari kama anapewa deksamethasoni. Tangu Juni 2020 ilipoonekana inapunguza vifo kwa walio kwenye oksijeni, wengi hupewa miligramu 6 kwa siku, na inapandisha sukari.
Ila mbona umeng'ang'ania kuganda tu? Kuna dawa mmempa pembeni?

Kifaurongo
Asante dada. Hapana, za kawaida tu.

Nesi wa Zamu
Za kawaida zipi?

Kifaurongo
Warfarini, vile vidonge vya kuzuia damu kuganda. Shangazi alibakiza kwenye kopo. Kaka alisoma kwamba korona inagandisha damu, tukaona tusisubiri. Kimoja tu kila usiku, na hajatoka damu popote. Mngeona namba hizo mngekaa kimya?

Mama Busara
Ndiyo shida ya kizazi hiki, kila mtu daktari. Zamani mgonjwa aliombewa na kutulia.

Nesi wa Zamu
Anachomwa sindano ndogo tumboni kila siku?

Kifaurongo
Ndiyo. Nilidhani ya sukari.

Nesi wa Zamu
Huenda ni ya sukari, ila kwa wagonjwa hawa mara nyingi ni heparini, nayo pia ni ya kuzuia damu kuganda. Mnaweka dawa juu ya dawa. Warfarini huchukua siku kadhaa kukolea, kwa hiyo "hajatoka damu" usiifanye kinga. Piga wodini SASA, wapime INR, yaani damu yake inachukua muda gani kuganda.

Fundi Saa
Wakuu, tumepigwa. Wodi ya korona hairuhusu wageni, vidonge vinaingiaje? Na limfosaiti 0.6, asilimia? Hii ni chai, tena ina tangawizi.

Bitozi_Mstaafu
😂😂 Leteni vikombe.

Kitabu Wazi
0.6 ni bilioni kwa lita, kawaida huanzia kama 1. Hapo hajadanganya. Ila vidonge hata mimi nina shaka.

Kifaurongo
Tunapokelewa kifurushi getini: sabuni, mswaki, chaja. Vidonge nilivifunga ndani ya soksi, mzee anajua. Nipate faida gani kutunga ugonjwa wa baba yangu?

Fundi Saa
Weka picha ya karatasi.

Kifaurongo
Ina jina lake, siweki.

Fundi Saa
Nilijua tu.

Nesi wa Zamu
Bishaneni, mimi namsubiri apige simu.

Kifaurongo
Nimepiga. Kaka kanuna, anasema nimemchongea. Wanakuja kumtoa damu tena. Wameuliza kidonge ni miligramu ngapi, kopo halina lebo.

Nesi wa Zamu
Usikisie. Lipeleke getini na vidonge vilivyobaki, watavitambua kwa rangi na maandishi. Na soksi iliyoko kwa mzee waambie waichukue.