Harrier: tako la nyani au Anaconda? Nimekwama, naombeni ushauri

Mgeni_Barabarani
Habarini wakuu. Mimi si mtu wa magari, mnivumilie. Nataka kuchukua Toyota Harrier, ila sijui ni ile ya 2003 wanayoiita tako la nyani au ile ya 2013 wanayoiita Anaconda, na sasa hivi hata usingizi sipati. Nikiamua tako la nyani, usiku naiota Anaconda. Nikiamua Anaconda, anatokea mtu ananiambia Harrier yenyewe iliishia zamani, hii ni Toyota RAV4 iliyovaa suti. Swali langu dogo tu: kutoka ile ya 2003 hadi ile ya 2013 kilichobadilika ni nini, ukiacha sura? Na kupanda mwaka mmoja au miwili kuna maana yoyote au ni mbwembwe za wauzaji? Nashukuru nikijibiwa kabla ya Ijumaa.

Mwendo_wa_Jongoo
Ijumaa kuna nini?

Mgeni_Barabarani
Ratiba tu mkuu.

Spana_Kumi
Ngoja nianze mbali kidogo, ukichoka ruka.

Harrier ya kwanza ilitoka Desemba 1997. Imejengwa juu ya jukwaa (yaani msingi wa chini wa gari) la Camry, saluni ya Toyota, kwa hiyo toka siku ya kwanza ni gari ya kutembelea iliyonyanyuliwa, si gari ya porini. Nje ya Japani iliuzwa kama Lexus RX 300, ndiyo maana unakutana na watu wamebandika nembo ya Lexus na wanatembea kifua mbele. Ilianza na injini ya cc 2200 na V6 (ya silinda sita) ya cc 3000. Mwaka 2000 ile 2200 ikaipisha 2400.

Tako la nyani ni Februari 2003. Hapa gari ilinyooka kweli: kutoka kati ya tairi la mbele hadi kati ya tairi la nyuma ni milimita 2715. Ya 2400 ikabaki na gia nne, V6 ikapewa tano. Mwaka 2005 ikaja haibridi (petroli ikisaidiana na mota ya umeme) ya V6 cc 3300, na 2006 ile V6 ya 3000 ikatolewa ikaingia 3500. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina tako la nyani" akanyamaza hapo, hajakwambia kitu. Hizo ni gari nne tofauti ndani ya bodi moja.

Anaconda ni Desemba 2013. Watu wengi wanadhani ilikua. Ilipungua! Ule urefu wa tairi hadi tairi ukarudi 2660. Petroli ikashuka hadi cc 2000, nguvu za farasi 151, wakati 2400 ya zamani ilikuwa na 160. Ulichopewa badala yake ni CVT (gia otomatiki isiyo na hatua), ulaji mdogo wa mafuta, na dashibodi ya ngozi iliyoshonwa uzi inayokufanya usahau hayo mengine. Sababu ni kwamba Lexus RX ilishaenda njia yake toka 2009, Harrier ikabaki ya Wajapani wenyewe, ikahamishiwa kwenye jukwaa la familia ya RAV4. Huo utani wa suti una ukweli ndani yake.

Sasa la miaka. Ndani ya Anaconda yenyewe, Juni 2017 ndiyo mstari. Taa na bampa ziliguswa, ikaongezwa injini ya cc 2000 yenye tabo, farasi 231, na hiyo haina CVT, ina gia sita za kawaida. Mfumo wa kubana breki wenyewe gari ikiona kitu mbele, ambao mwanzo ulikuwa kwenye matoleo ya juu tu, nao hapo ukawekwa kwa zote. Mimi kati ya 2014 na 2016 nisingehangaika na mwaka, ningeangalia hali ya gari. Kati ya 2016 na mwisho wa 2017, hapo ningehangaika.

Ya 2020 ni kabila jingine. Hata yule mwewe wa nembo ya kwenye pua amefukuzwa, wameweka alama ya Toyota ya kawaida. Kule Marekani iliuzwa kwa jina la Venza hadi modeli ya 2024.

Nyani_Halioni
Nyani haoni kundule, ndiyo maana kila mwenye tako la nyani anaicheka Anaconda.

Haibridi_Damu
Mnazunguka sana. Chukua haibridi ya cc 2500. Swali limeisha.

Mwendo_wa_Jongoo
Hakuuliza haibridi.

Haibridi_Damu
Alipaswa kuuliza.

Bi_Mkunjo
Spana ameandika kitabu, na kizuri, ila mimi nina swali la jikoni. Mgeni, mko wangapi nyumbani? Kuanzia ya 1997 mpaka ya leo, Harrier ni siti tano.

Mgeni_Barabarani
Hilo siyo tatizo dada.

Bi_Mkunjo
"Siyo tatizo" ni wangapi?

Mgeni_Barabarani
Sita. Ila wa mwisho ni mdogo, anapakatwa.

Mzee_wa_Taratibu
Mwanangu, mtoto hapakatwi kwenye gari. Ukibana breki kwa ghafla mikono ya mama yake haimshiki, hata awe na nguvu za kubeba gunia. Na hivi vitu vya kutaka gari ya kuonekana vimewamaliza vijana wengi. Anza na mahitaji, sura itafuata.

Bi_Mkunjo
Ahsante baba. Kluger ni ndugu yake wa damu, jukwaa lile lile la Camry, na zipo zenye mstari wa tatu wa siti. Angalia huko.

Mgeni_Barabarani
Kluger imekaa kama kabati. Samahani kwa wenye nazo.

Kabati_la_Vyombo
Tumekusikia.

CVT_Majeruhi
Naomba niseme langu kuhusu CVT, maana Spana ameipita kama mtu anayepita msibani. Nilikuwa na crossover moja, jina nalihifadhi, ilikuwa tamu kama nini. Siku moja fundi akaniambia oili ya gia imechoka, akamwaga, akaweka oili ya gia otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu". Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili nikiwasha asubuhi kuna mlio, kama nyuki amefungiwa kwenye chupa. Nikikanyaga mafuta mzunguko wa injini unapanda, gari inafikiria kwanza. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma umebanwa katikati ya puli mbili, na ile oili yake maalumu ndiyo inayoufanya ushike bila kujisaga. Ukiweka oili nyingine unateleza, unakwangua puli, na puli ikishakwanguka hairudi. Nikabadilisha gia boksi nzima. Mpaka leo nikisikia nyuki nakaa chini.

Nyani_Halioni
Pole sana mkuu. Asali je, ulipata?

Spana_Kumi
CVT ya Anaconda haina kesi ukiiwekea oili yake. Kosa lilikuwa la fundi. Hata 2400 ya zamani si malaika. Injini hiyo, 2AZ, ina sifa ya kunywa oili kwa baadhi ya miaka. Marekani Toyota walifikia kuongeza udhamini kwa baadhi ya Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini hiyo, pistoni na ringi zake zilikuwa zinapitisha oili. Ukienda kuangalia, chomoa kijiti cha oili kabla haijawashwa.

Mgeni, tuache nadharia. Unayoiangalia wewe ni ya mwaka gani, injini ipi?

Mgeni_Barabarani
Ni ya 2014, Anaconda nyeupe. Petroli cc 2400, gia nne, inavuta mbele. Kilomita chache. Picha nimeziona, ni safi sana.

Jicho_la_Tatu
Haya, mimi nilikuwa nasoma kimya ila hapa naingia. Huu uzi umetungwa. Anaconda ya petroli cc 2400 haijawahi kutoka kiwandani, wala yenye gia nne. 2014 ilikuwa 2000 ya CVT au haibridi ya 2500, basi. Huyu amekaa chumbani kachanganya gari mbili ili tubishane. Toka aliposema "Ijumaa" bila sababu nilinusa. Mara watoto wa kupakatwa, mara Kluger kabati. Ni mtu wa kutafuta watazamaji.

Haibridi_Damu
Mimi pia nilishangaa, ila nikadhani ni injini ya kubadilishwa.

Mwendo_wa_Jongoo
Nani atoe CVT nzima na mfumo wake wa umeme aweke gia nne ya 2003? Hiyo kazi ni kubwa kuliko gari yenyewe.

Nyani_Halioni
Kama ametunga, ametunga vizuri. Mimi nilishaanza kumhurumia yule mtoto wa kupakatwa.

Mzee_wa_Taratibu
Kijana, kama ni utani sema ni utani. Watu wazima wametoa muda wao hapa.

Mgeni_Barabarani
Sijatunga kitu wazee wangu. Sikutaka kusema yote kwa sababu najua mtakachosema. Gari ni ya shemeji, kaka wa mke wangu. Picha alinitumia yeye, maelezo ya injini aliniandikia yeye kwenye meseji, mimi nimenakili tu. Nusu ya pesa nimeshampa. Ijumaa namalizia nusu iliyobaki, ndiyo ratiba yenyewe. Gari kwa macho sijaiona bado. Ila shemeji si mtu wa kuniangusha, ndiye aliyenishika mkono wakati naoa.

Bi_Mkunjo
Kumbe tulikuwa tunashauri gari iliyokwisha nunuliwa nusu.

Mgeni_Barabarani
Dada, ndiyo maana niliuliza kuhusu mabadiliko tu.

Spana_Kumi
Kwenye hiyo meseji kuna namba ya chesisi? Usiiweke yote hapa. Nipe herufi na tarakimu za mwanzo, kabla ya kistari.

Mgeni_Barabarani
ACU30W.

Spana_Kumi
Basi. ACU30 ni tako la nyani, cc 2400, ya kuvuta mbele. Anaconda ya petroli isiyo na tabo inaanza na ZSU60, au ZSU65 kama inavuta tairi zote nne, na haibridi ni AVU65. Kwa hiyo shemeji hakukosea injini wala gia. Maelezo yake yote ni ya kweli, ila ni ya gari nyingine. Picha ndizo zisizo za gari hiyo.

Jicho_la_Tatu
Au hakuna shemeji, hakuna gari, na herufi kaziokota mtandaoni baada ya kubanwa. Mtu gani mzima anatoa nusu ya pesa kwa picha?

Mzee_wa_Taratibu
Wengi sana, mwanangu. Hata mimi, kwa shamba.

CVT_Majeruhi
Mzee hiyo ya shamba tupe kidogo.

Mzee_wa_Taratibu
Siku nyingine. Lilikuwa na mto kwenye picha.

Spana_Kumi
Mgeni, kama upo kweli, kesho nenda kaione hiyo gari. Fungua mlango wa dereva, vuta mkanda wa siti wote mpaka ugome. Chini kabisa, karibu na unapoingilia kwenye nguzo, kuna lebo ndogo ya kitambaa imeshonwa, imepigwa mhuri wa mwaka. Tairi nazo zina tarakimu nne, wiki na mwaka, ila tairi hubadilishwa. Mkanda hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Kisha soma kibati cha chesisi kwa macho yako, usisomewe.

Mwendo_wa_Jongoo
Na usiende na pesa mfukoni.

*(siku mbili baadaye)*

Jicho_la_Tatu
Kimya. Nilisema mimi.

Mgeni_Barabarani
Nimerudi wakuu. Nimeenda na mke wangu. Gari ipo, ni nyeupe, ni tako la nyani. Mkanda nimeuvuta kama alivyosema Spana, ulikuwa umekaza kwa vumbi, lebo imefifia lakini inasomeka: 2004. Shemeji anasema alikosea tarakimu moja tu, 2004 akaandika 2014, na picha alizitafuta mtandaoni ili nione rangi. Mke wangu hajaongea na kaka yake toka jana.

Ila niseme ukweli, nilipokaa ndani nilituliza roho. Usukani una mbao, siti ni za ngozi, injini inaunguruma taratibu, kijiti cha oili nilikichomoa na oili ilikuwa juu ya alama. Na Spana mwenyewe alisema hii ndiyo ndefu, 2715 kwa 2660, na ina farasi 160 kwa 151. Kwa hiyo ukiangalia vizuri sijapoteza sana. Nusu ya pili tutaipunguza kidogo, tumekubaliana. Swali langu sasa ni moja: hizi gia nne zina shida gani hasa?

Spana_Kumi
Hazina shida. Mwendo wa kasi injini itapiga kelele kidogo, na mafuta itakula kuliko Anaconda. Ni gia ngumu. Shida haiko kwenye gia, mkuu.

Jicho_la_Tatu
Weka picha ya lebo ya mkanda.

Mgeni_Barabarani
Simu ilizima.

Jicho_la_Tatu
😂😂😂

Bi_Mkunjo
Mgeni, bado mko sita.