Naombeni ushauri: maumivu ya tumbo na dawa ya linaklotaidi

Assalam alaykum jamaa. Mamangu, tuko Malindi, anasumbuliwa na tumbo la kukata, gesi, na choo kigumu. Vipimo vyote, hata kamera ya utumbo, viko safi. Daktari asema utumbo wake una hisia kali kupita kiasi. Tumempunguzia maharagwe na pilipili, akatumia ispaghula (unga wa nyuzinyuzi wa kulainisha choo). Choo kimelainika kidogo, lakini maumivu yako palepale, na hayo ndiyo yanayomnyima usingizi.

Nimesoma kuhusu linaklotaidi, peptidi (kama kipande kifupi cha protini) ya amino asidi 14 iliyoidhinishwa Marekani 2012. Hulainisha choo, na inaaminika pia hutuliza mishipa ya fahamu ya utumbo. Kuna aliyeitumia? Maumivu yalipungua kweli, au ni choo tu? Na kwa mtu mzima anayemeza dawa za presha, ikimharisha afanyeje?