Namba 10 akitoka shule ya upili: njia ya kulipwa kwa raga inapitia wapi?

Mlezi_Lurambi

Hamjambo wana-raga. Kuna kijana wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne. Anacheza flai-hafu, yaani namba 10 anayeongoza mchezo na kupiga mikwaju, anapiga kwa mguu wa kulia, ana kilo 74. Klabu moja ya Nakuru imemwita kwa majaribio ya kikosi cha wachezaji 15, na wengine wanamvuta Kisumu acheze raga ya saba kila upande, kwa kuwa Dala Sevens, mashindano ya saba ya huko, inakaribia. Anataka raga iwe kazi yake. Naomba msaada kwa haya: aanzie 15 au saba? Mazoezi ya mikwaju yawe kiasi gani? Kwa sasa anapiga mipira 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, na wiki hizi tatu kinena cha kulia kinamuuma akiamka. Namba 10 huiva akiwa na umri gani? Na akiletewa karatasi ya klabu atie sahihi, aangalie nini?

Tii_ya_Menengai

Mlezi, nianze na kinena, mengine yatangoja. Hiyo mipira 100 isimame leo. Maumivu ya asubuhi kwenye kinena cha mguu unaopiga mara nyingi hutoka kwenye kano za misuli ya paja la ndani, na kano haiponi ukizidi kuivuta. Dan Carter wa New Zealand alichanika kano ya hapo hapo mwaka 2011, tena mazoezini, akipiga mikwaju siku moja kabla ya mechi dhidi ya Canada. Kombe la Dunia likamwishia hapo, nchini kwake.

Kipimo ni hiki: alale chali, magoti yamekunjwa, aweke mpira wa raga katikati ya magoti na aubane kwa nguvu zote kwa sekunde tano. Pakiuma, hakuna kupiga. Siku hapaumi hata kidogo, aanze na mikwaju 10 kutoka mita 22, mbele kabisa ya milingoti. Apige leo, kesho apumzike, na aongeze mitano tu kila baada ya vipindi viwili. Mwisho wa kuongeza ni 30 kwa kipindi, vipindi vitatu kwa wiki. Mateke ya kutoka mkononi yahesabiwe humo humo, kwa sababu kinena hakijui tofauti ya mpira uliokuwa kwenye tii (kishikizo cha kuusimamisha mpira chini) na ule uliodondoshwa. Wengi huumia kwa kuhesabu mikwaju ya tii peke yake.

Kila mkwaju aufanye kama wa mechi: aweke tii, arudi nyuma, avute pumzi, apige kabla ya sekunde 60 kwisha. Huo ndio muda wa penalti na sasa wa konvashoni pia, yaani mkwaju wa baada ya trai. Awe na daftari la kuandika alipopigia na mpira ulikoishia. Baada ya mwezi mmoja ataona mwenyewe upande unaomsumbua. Kwa mguu wa kulia, mara nyingi ni upande wa kulia wa uwanja.

Makosa yenyewe yanasomeka kwenye mpira. Ukikunja kushoto, nyonga imegeuka mapema, au mguu wa kusimamia umeelekea kushoto ya shabaha. Ukisukumwa kulia, ameusogelea mno, au kifua kimelala nyuma. Ukienda chini chini, ameupiga juu ya katikati ya mpira. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, kama urefu wa njumu moja, vidole vikitazama katikati ya milingoti. Apige kwa mfupa mgumu wa juu ya mguu, pale kamba za njumu zinapofungwa, na mguu uendelee kuelekea shabaha badala ya kukatiza mbele ya mwili.

La mwisho kwa atakayesafiri kati ya Kisumu na Nakuru: Kisumu iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Mpira uliojazwa Kisumu ukifika Nakuru, kipimo cha shinikizo kitasoma karibu PSI 1 zaidi, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Sheria inataka PSI 9.5 hadi 10. Mpira mgumu kupita hapo huruka kutoka mguuni kabla hujauelekeza. Apime tena akifika. Hewa nyepesi ya Nakuru pia hurefusha teke, kwa hiyo penalti ya kutafuta laini-auti (mpira wa kurushwa kutoka pembeni) iliyokuwa ikitoka nje mita tano kabla ya mstari wa goli inaweza kuvuka na kutokea nyuma, na hapo nafasi yote imepotea.

Skramu_Mamboleo

Kwa suala la 15 au saba, wengi watamwambia saba kwa sababu ndiko jina la Kenya linakojulikana, hasa tangu Singapore mwaka 2016 tulipoifunga Fiji 30-7 kwenye fainali. Mimi ni mtu wa Dala tangu zamani, lakini kwa namba 10 nasema aanzie 15.

Sababu ni kazi yenyewe. Kwenye saba, konvashoni hupigwa kwa mpira wa kudondosha ndani ya sekunde 30, na karibu hakuna teke la kutafuta eneo, kwa kuwa ukipiga umetoa mpira bure. Kijana akikulia huko peke yake, hajifunzi kutoa timu kwenye eneo la mita 22 karibu na goli lake, hajifunzi kumrudisha nyuma fulubeki, mlinzi wa mwisho wa wapinzani, hajifunzi kubadilisha kina cha kusimama. Kwenye 15, akitaka kupiga asimame mbali na skramu-hafu, namba 9 anayempa mpira, mita 10 au zaidi, ili asizibiwe. Akitaka kupitisha mpira kwa senta akiwa karibu na ukuta wa wapinzani, asogee mbele. Akisimama mahali pamoja mechi nzima, flanka (fowadi wa pembeni ya skramu) wa upande wa pili ameshamsoma kufikia dakika ya 15.

Ajue pia sheria ya 50:22. Akiwa ndani ya nusu yake, akipiga mpira ukadunda uwanjani kisha ukatoka nje ndani ya 22 ya wapinzani, timu yake ndiyo inarusha. Kwa hofu hiyo winga wao anabaki nyuma, na hapo mbele panapatikana mtu mmoja zaidi wa kumshambulia. Na usisahau hali ya hewa yetu. Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, saa ambayo mechi zinachezwa. Kipindi cha kwanza uwanja ukiwa mkavu apitishe mpira. Mawingu yakishuka, apige kiki ya juu ya sekunde nne angani na mafowadi wakimbie chini yake. Mpira wa kuanzia nao uwe hivyo hivyo: uvuke mita 10, ukae angani sekunde nne, la sivyo wanaofukuza hawafiki.

Baada ya msimu wa Kombe la Kenya, ligi kuu ya wachezaji 15, kwisha, aingie mashindano ya saba: acheze Dala, acheze Prinsloo hapo Nakuru, acheze Tisap kule Eldoret. Saba itampa kasi, kukaba kwenye nafasi wazi, na pasi za mita 15 kwa mikono yote miwili. Kwa ratiba hiyo anapata zote mbili. Ila kinena kikiwa bado, hata Dala aisahau mwaka huu.

Dada_Fizio_KSM

Naunga mkono kipimo cha kubana mpira. Niongeze zoezi la kuimarisha: alale ubavu, mguu wa juu uwekwe kwenye benchi kuanzia gotini, wa chini ukae chini ya benchi. Ainue nyonga kwa nguvu ya paja la juu, marudio sita kila upande, seti mbili, mara mbili kwa wiki. Aanze zoezi hilo maumivu yakishaisha, na asilifanye siku moja kabla ya mechi.

Kilo 74 si tatizo la kumzuia, lakini watamkimbilia. Namba nane na flanka hulenga pale anaposimama namba 10 kwa makusudi, ili achoke kwa kukaba na mikwaju yake iharibike. Jonny Wilkinson, namba 10 wa Uingereza, alikuwa mkabaji hodari kuliko wengi wa nafasi yake, na mwili ukalipa: baada ya fainali ya Kombe la Dunia 2003 hakuvaa tena jezi ya Uingereza hadi 2007, kwa majeraha yaliyofuatana ya shingo, mkono, goti na mengine. Kijana afundishwe kukaba kwa bega, kichwa kikiwa upande wa nyuma ya anayekabwa, kamwe kisiwe mbele ya magoti yake.

Akigongwa kichwa na dalili zikatokea, anatoka na harudi siku hiyo. Kwa mchezaji wa ngazi ya klabu, mechi si kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugusana yasianze kabla hajakaa siku 14 bila dalili yoyote. Kocha akisema "yuko sawa" siku ya tisa, jibu ni hapana.

Karani_wa_Vilabu

Umri kwanza. Winga anaweza kuiva akiwa na miaka 20, namba 10 si rahisi. Johnny Sexton alianza kuchezea Ireland mwaka 2009 akiwa na miaka 24, akastaafu 2023 akiwa na 38. Carter alicheza mechi 112 za kimataifa na kufunga pointi 1,598, na fainali ya Kombe la Dunia 2015, mechi yake ya mwisho ya kimataifa, ndiyo moja ya bora zake. Kwa hiyo miaka 18 hadi 23 ni ya kusoma mchezo na kusoma darasani pia. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega kina timu inayoheshimika, na digrii hiyo itamsaidia, kwa sababu hapa kwetu wanaolipwa kwa raga pekee ni wachache. Vilabu vinavyojiweza humpa mchezaji kazi kwa mfadhili, au marupurupu ya mazoezi na bonasi ya ushindi.

Nafasi ya namba 10 yenyewe inatafutwa. Nakuru walipotwaa Kombe la Kenya 2013 na 2014, na Kabras Sugar, klabu ya Kakamega, walipolitwaa 2016 kisha 2022 hadi 2024, hazikuwa timu za nguvu tu. Kabras walimtoa Jone Kubu Fiji kuja kucheza namba 10 Kakamega. Klabu haigharimiki hivyo kwa nafasi inayojazwa kwa urahisi.

Kwenye karatasi atazame muda wa mkataba, tarehe ya malipo, na kama malipo yanaendelea akiwa ameumia. Hilo la tatu ndilo linaloumiza vijana. "Klabu itagharamia matibabu" haitoshi. Iandikwe nani analipa picha ya MRI, upasuaji na fizio, hadi lini. Kama ni kazi kwa mfadhili, iandikwe kazi inabaki au inaondoka akiacha kucheza. Nyumba ikitajwa, itajwe kodi ni ya nani. Asitie sahihi siku hiyo hiyo. Aibebe nyumbani isomwe.

Akienda nje, klabu mpya inahitaji kibali kutoka Chama cha Raga cha Kenya kabla ya kumsajili. Wakala anayemwambia apande ndege kwanza, kibali kitafuata, aachane naye. Na ajifunze lugha ya anakokwenda. Propu, fowadi wa mstari wa mbele, anaweza kucheza Ufaransa msimu mzima kwa maneno 20, lakini namba 10 ndiye anayetangaza kila mpango kabla mpira haujatoka kwenye raki, yaani msongamano wa wachezaji juu ya mpira ulio chini. Asipoeleweka, hachezi.

Mlezi_Lurambi

Nimeshukuru sana. Majaribio ya Nakuru ni wiki ijayo. Aende au aombe siku nyingine?

Tii_ya_Menengai

Aende, lakini ampigie kocha simu kabla ya siku hiyo, amwambie wazi: kinena kinauma, naweza kupitisha mpira na kuongoza mabeki, siwezi kupiga. Kocha anayejua kazi ataona yanayomhusu bila mkwaju hata mmoja: pasi ya kushoto inafika kifuani au magotini, anainua kichwa kabla ya kupokea au baada, sauti yake inamfikia senta wa nje. Mikwaju wataiona baadaye. Mwaka 2023 Afrika Kusini walimwita namba 10 Handré Pollard baada ya kikosi cha Kombe la Dunia kutajwa, achukue nafasi ya huka (fowadi wa katikati ya mstari wa mbele) aliyeumia, kwa kuwa walikuwa wakikosa milingoti, naye akafunga pointi zote 12 za fainali waliyoshinda 12-11. Alikuwa ametoka kwenye jeraha la shavu la mguu, akasubiri lipone kwanza.

Dada_Fizio_KSM

Na asimeze dawa ya maumivu asubuhi ya majaribio. Ikificha maumivu atapiga, na wiki tatu zitakuwa miezi mitatu.