Tangu waanze kunilipa, hadithi imekauka. Nifanyeje?

Karani wa Mizani (Tandahimba)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni karani wa msimu kwenye chama cha msingi huku Tandahimba. Korosho zikianza kushuka, mimi ndiye ninayepima na kuandika kilo, nikimaliza namwita mwingine. Msimu uliopita, mwezi wa kumi na moja, foleni ya magunia ilizunguka ghala mpaka kwenye mwembe, na ni katikati ya foleni hiyo nilipoanza kuandika hadithi. Kwenye simu, kwa kidole gumba chenye vumbi. Dereva wa lori anatoka Newala na magunia 300 kwenda Mtwara mjini, hafiki. Lori linakutwa Mikindani, ambako hakuwa na sababu ya kupita, limeegeshwa vizuri, funguo zipo, magunia yapo, mtu hayupo. Hata mimi sikujua kaenda wapi. Nilikuwa naandika ili nijue.

Nikawa naitupia kwenye grupu la WhatsApp la tuliomaliza shule pamoja. Wakawarushia wengine. Haukupita muda, watu wa Masasi, Nachingwea mpaka Dar nisiowajua wananiuliza sehemu ya 9 iko wapi. Jamaa yangu mmoja akaniambia, "Yaani unagawa bure?" Nikafungua grupu la kulipia, sehemu moja shilingi 500. Wakajiunga watu 43. Siku ile meseji za miamala zilivyokuwa zinaingia mfululizo, nilijiona nimeshatoka kimaisha.

Sasa sikilizeni. Sehemu ya 10 hadi ya 14 nimeziandika kama mtu anayejaza fomu. Ya 15 hii ni wiki ya tatu haijatoka. Msimu umekwisha, sina kibarua, nashinda barazani tangu asubuhi. Nafungua simu, nasoma mstari wa mwisho, nafunga. Wateja wamecharuka. Mmoja katuma sauti: "Kaka, achana na lori, Zawadi aolewe." Zawadi ni mke wa dereva! Mume hajulikani yuko hai au amekufa, aolewe na nani?

Swali langu: huu ni uvivu, au kuna kitu kichwani? Na inakuwaje niliweza nikiwa nimechoka hoi, nashindwa nikiwa nimepumzika?

Bwana Salfa

Hela unaitaka, kazi huitaki. Mimi naamka alfajiri kupulizia mikorosho dawa, sijawahi hata siku moja kujisikia kupulizia. Andika, wape watu haki yao.

Mwalimu wa Mingoyo (Lindi)

Mdogo wangu, Bwana Salfa anakuonea, ingawa neno lake la mwisho tutalirudia. Nafundisha saikolojia chuo cha ualimu, na kisa chako ningekipeleka darasani kama kilivyo.

Mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto ambao wenyewe, bila kutumwa, walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja wakaahidiwa: mkichora mtapewa cheti, kina nembo ya dhahabu na utepe. Kundi la pili hawakuambiwa kitu, wakachora, wakashtukia wanapewa cheti kilekile. La tatu hawakupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa tena mezani, safari hii bila ahadi, na muda ukapimwa. Wale walioahidiwa walichora kwa kiasi cha nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na hamu.

Angalia vizuri hapo. Cheti kilikuwa kilekile. Kilichoharibu ni ile "mkichora mtapewa". Mtoto alianza kuiona kalamu kama kazi ya kutumwa.

Utasema hao ni watoto. Mwaka 1985 Teresa Amabile aliwachukua waandishi 72, wakaandika shairi fupi, kisha baadhi yao wakapewa orodha ya sababu za kuandika waipange: fedha, kusifiwa, kupata nafasi. Wengine wakapanga sababu kama raha ya kucheza na maneno. Halafu kila mtu akaandika shairi la pili. Hakuna aliyelipwa kwa mistari yake, walipanga sababu tu. Lakini waliotoka kuwaza fedha na sifa, mashairi yao ya pili yalipimwa na washairi wengine yakaonekana yamepungua ubunifu. Kwa kuwaza tu dakika chache! Wewe unawaza kutwa, na simu inakulilia mfukoni.

Swali lako la pili ndilo nililolipenda. Kwa maelezo ya Edward Deci na Richard Ryan, hamu ya ndani inataka mtu ajione anatenda kwa hiari yake, anaona anaweza, na ana watu wake. Kwenye foleni hukupangiwa na mtu kuandika. Ulikuwa unamwibia mwajiri muda, na cha kuiba hakikosi utamu. Leo muda ni wako wote ila hadithi si yako, ni ya watu 43. Kupumzika hakuhusiani.

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Mshahara ulitoka huko, kalamu ikabaki yake. Sisemi ukatae hela. Ila wanaodai leo wamalizie haki yao, Bwana Salfa yuko sawa hapo, na hadithi itakayofuata iandike mpaka mwisho kabla hujamtajia mtu bei.

Ushirombo Kwetu

Mwalimu umeandika risala. Mimi nataka kujua dereva yuko wapi.

Mama Cherehani (Mikindani)

Mwanangu, marahaba. Mwalimu naye namheshimu ila nitampinga kidogo.

Nashona kwa hela miaka 26 na bado mkono unaniwasha nikiona kitambaa kizuri. Kwa hiyo hela peke yake haiui. Mteja wangu anachagua kitambaa, anatoa arbuni, tunakubaliana siku. Lakini akitaka kukaa kwenye kibao anishikie mkasi, namrudishia hela yake mlangoni. Wewe umewaruhusu wakushikie mkasi. Huyo wa Zawadi aolewe ungemjibu siku hiyohiyo: hadithi yangu haina harusi, ukitaka harusi chukua 500 yako. Hujamjibu, ndiyo maana kila ukifungua simu unamkuta yeye kwanza, si dereva.

Jambo jingine, samahani lakini limenikera. Mimi nimejiunga huko kwako, mimi ni mmoja wa hao 43. Lori umeliegesha kwenye kichochoro kinachopanda kuelekea Boma. Mwanangu, umewahi kufika Mikindani? Pale pikipiki mbili zikikutana, moja inangoja. Lori la magunia 300 haligeuki pale, na likiingia kwa mbele halitoki.

Bwana Salfa

Hahaha! Mama kamaliza. Kwanza na mimi pia ni mteja, nilikuwa naona aibu kusema.

Karani wa Mizani (Tandahimba)

Mwalimu shikamoo, Mama shikamoo. Nimesoma yote mara mbili. Bwana Salfa, kumbe wewe!

Nimemjibu yule wa harusi. Nimemrudishia 500, kaondoka na wenzake wawili. Wamebaki 40. Nimewaambia waliobaki kwamba hawatalipa tena mpaka hadithi iishe, na sehemu itatoka ikiwa tayari. Wanane wameweka emoji ya hasira, wengine kimya. Na nimeamua nikitoka kuswali alfajiri, naandika pale pale barazani kabla sijawasha data, ili nisikutane na sauti ya mtu kabla ya dereva.

Lakini Mama, umenikosesha usingizi. Mikindani nimepita mara moja tu, ndani ya basi la Lindi, Boma nililiona kwa mbali pale juu. Kama lori haliwezi kuingia kwa mbele, basi liliingia kinyumenyume. Na kinyumenyume usiku, kwenye kichochoro kama hicho, dereva hawezi peke yake. Lazima mtu alisimama nyuma anamwelekeza, njoo, njoo, kata kushoto. Tena mtu wa pale pale, anayejua kona zote.

Mama, kwenye kichochoro hicho, usiku wa saa nane, nani huwa yuko macho?

Mama Cherehani (Mikindani)

Mimi. Nina taa mpaka saa tisa siku za kuelekea Idi. Niulize.