Zahanati haina dawa: tumbane nani, Wizara ya Afya, TAMISEMI au MSD?

Mjumbe wa Kamati
Wakuu, habari za kazi. Naomba ufafanuzi kwa wenye uelewa. Zahanati ya serikali, ya kijiji, Tanzania Bara. Kila kikao cha kamati ya usimamizi hoja ni ileile: dawa hakuna. Mganga mfawidhi anasema maombi yalitumwa, MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) wakaleta pungufu. Diwani anasema hilo ni la Wizara ya Afya. Ukipanda juu unaambiwa zahanati ni mali ya TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Sasa nani anawajibika kwa lipi, na kamati iombe kuona karatasi zipi ili ijue tatizo limeanzia wapi? Na mbona dawa ya malaria haikosekani, ila amoxicillin ya watoto kila mara imekwisha?

Leja Safi
Wote wamekwambia kweli, ila kila mmoja amekata kipande chake.

Wizara ya Afya inatunga sera, inatoa mwongozo wa matibabu na orodha ya taifa ya dawa muhimu, na inasimamia taasisi kama MSD (bohari), TMDA (ubora na usajili wa dawa) na NHIF (bima ya afya). Hospitali inazoziendesha yenyewe ni zile za juu: taifa, kanda, maalum, na za rufaa za mikoa ambazo zilitolewa TAMISEMI zikarudi Wizarani. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko chini ya OR-TAMISEMI kupitia halmashauri. Kwa hiyo mganga mfawidhi bosi wake ni Mganga Mkuu wa Halmashauri (DMO), na DMO yuko chini ya Mkurugenzi. Ila mwongozo anaoufuata chumbani umeandikwa na Wizara.

Fedha ndiyo inachanganya watu. Bajeti ya dawa za vituo imekaa Fungu 52, la Wizara ya Afya, wakati TAMISEMI ni Fungu 56. Hazina ikitoa, pesa inaingizwa MSD na kugawanywa kwenye akaunti ya kila kituo. Zahanati yenu ina akaunti yake pale MSD. Muulizeni mfawidhi salio ni kiasi gani. Kamati nyingi hazijawahi hata kuuliza.

Kabla hamjalalamika, angalieni pia orodha ya dawa muhimu. Kila dawa ina ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D rufaa ya mkoa, S ya kibingwa. Dawa ya ngazi C kutokuwepo zahanati si upungufu.

Mfamasia wa Bara
Niongeze upande wa maombi, maana hapo ndipo wengi wanajichimbia shimo wenyewe. Mnyororo ni huu: kituo kinajaza fomu ya taarifa na maombi, mfamasia wa halmashauri anaikagua kwenye eLMIS (mfumo wa kompyuta wa taarifa za dawa), DMO anaidhinisha, MSD kanda inafungasha na kuleta hadi mlangoni. Mizunguko ilikuwa minne kwa mwaka, siku hizi ni sita, yaani kila miezi miwili. Fomu ikichelewa, mmeukosa mzunguko.

Mfumo hauulizi mnataka nini. Unasoma mmetumia nini. Chukua hiyo amoxicillin ya watoto, vidonge vya 250 mg vinavyoyeyuka. Tuseme kipindi cha siku 60 kilianza na vidonge 600, mkapokea 1,000, vikaharibika 100, na siku ya kuhesabu rafuni vipo 300. Matumizi ni 600 + 1,000 − 100 − 300 = 1,200, sawa na 600 kwa mwezi. Kiwango cha juu kikiwa miezi minne, mnastahili 2,400, toa 300 zilizopo, mnaomba 2,100.

Lakini kama ndani ya siku hizo 60 dawa ilikuwa imekwisha kwa siku 20, zile 1,200 zilitumika ndani ya siku 40 tu. Sahihisho: 1,200 × 60 ÷ 40 = 1,800, yaani 900 kwa mwezi. Ombi linakuwa 3,600 − 300 = 3,300. Anayeacha safu ya siku za ukosefu wazi amejipunja vidonge 1,200 kwa dawa moja, na mzunguko unaofuata hesabu itaanza na matumizi madogo tena. Ndiyo maana kuna vituo vinavyolia dawa mwaka mzima huku kwenye mfumo vinaonekana havina mahitaji.

Makosa mengine ya kila siku: kuhesabu kwa leja bila kwenda rafuni, kuandika idadi ya vidonge mahali panapotaka idadi ya makopo (parasetamoli kopo moja ni vidonge 1,000, sasa fikiria), kuandika zilizoharibika au zilizoazimwa kituo jirani kama matumizi.

Kuhusu malaria: dawa mseto, vipimo vya haraka vya malaria, ARV (dawa za kufubaza VVU), dawa za kifua kikuu na chanjo ni za miradi msonge. Zinagharamiwa kupitia programu za Wizara na wafadhili kama Global Fund na Gavi, akaunti ya kituo haikatwi hata shilingi. Amoxicillin mnainunua kwa salio lenu. Halafu matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure, dawa inatoka na hela hairudi.

Mjumbe wa Kamati
Nashukuru sana. Ikiwa fomu iko sawa, salio lipo, na MSD wenyewe hawana hiyo dawa, kituo kinaruhusiwa kununua duka la dawa mjini?

Mfamasia wa Bara
Si kwa kukurupuka. MSD wanatakiwa kuwapa taarifa ya kukosekana kwa bidhaa. Mkiwa nayo, mnapeleka mahitaji kwa DMO na kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, ambaye bei zake ziko kwenye mkataba. Utaratibu huu ulianzia Dodoma 2014, baadaye ukaenea mikoa yote. Manunuzi yenyewe siku hizi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni.

Pesa iliyoko MSD haiwezi kumlipa mshitiri. Mnalipa kwa iliyoko benki: malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa, marejesho ya bima na CHF (mfuko wa afya ya jamii), au mfuko wa pamoja wa afya wa wafadhili, ambao tangu 2017/18 unaingia moja kwa moja akaunti ya kituo. Kituo kinaweza kuwa na salio nono MSD na bado kikashindwa kununua boksi moja nje.

Pwani ya Kusini
Kwetu Kenya ni tofauti, msichanganye. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, na tangu 2013 zahanati ni za kaunti kabisa. Mwananchi wa Kwale anamwuliza waziri wa afya wa kaunti, si wa Nairobi. Kaunti ikilimbikiza deni KEMSA (bohari ya dawa ya Kenya), zahanati zake zote huumia pamoja, hata ile iliyopeleka oda safi. Nyinyi angalau kila kituo kina akaunti yake.

Leja Safi
Hata Zanzibar ni habari nyingine. Afya si jambo la Muungano. Wana Wizara yao na bohari yao ya dawa.

Mjumbe, kikao kijacho ombeni vitu vinne mezani: nakala ya fomu ya mzunguko uliopita, hati ya mauzo ya MSD, leja ya dawa tano mnazozilalamikia, na salio la MSD pamoja na la benki. Linganisheni kilichoombwa, kilicholetwa na kilichoingia leja. Ombi likiwa dogo kuliko matumizi, kosa ni la kituo. Ombi sahihi lakini lilipunguzwa kabla ya kufika MSD, muulizeni DMO kwa maandishi, nakala kwa Mkurugenzi. Likifika sawa na bidhaa haikuwepo, ni MSD kanda. Salio likiwa sifuri wakati bajeti imepitishwa, hapo ndipo mbunge wenu ana swali la kumuuliza Waziri wa Afya. Kilicholetwa kikizidi kilichoingia leja, hilo msilipeleke Dodoma. Mzigo ukipokelewa, wajumbe wa kamati mnatakiwa muwepo mkihesabu boksi kwa boksi kabla ya kusaini. Angalieni nani alisaini siku hiyo.