Klabu ya "wapenda ndege" Mbeya imetupeleka Kitulo kutesa makinda, na sasa wanatangaza safari nyingine

Wakuu heshima kwenu. Sina kawaida ya kufungua nyuzi za kulalamika, ila hasira niliyoshuka nayo Jumamosi mpaka leo Jumanne haijapoa.

Kuna klabu ya kutazama ndege hapa jijini. Jina nalibana kwanza, wenyewe wanajijua. Walitangaza matembezi ya siku moja Hifadhi ya Taifa ya Kitulo: sh 70,000, ndani yake usafiri, mwongozaji, darubini za kuazima na msosi. Mimi nimekulia Matamba, jirani na hifadhi, nikasema ngoja nilipe nikaone kwetu kama mgeni.

Kuondoka Uyole saa 11 alfajiri. Coaster ikafika saa 2 kasoro. Ndege wa asubuhi wanaimba Kitulo, sisi tupo Chimala tunagombania mahindi ya kuchoma. Zile kona 57 za mlimani, wenyewe tunaziita Hamsini na Saba, tumezipanda jua limeshakuwa kali. Darubini tulizoahidiwa zilikuwa 2, watu 38. Wali ulikuwa wa baridi. Hayo yote nimesamehe.

Nisichosamehe ni la mbayuwayu wa buluu.

Kwa asiyemjua: huyu huja kule wakati wa mvua kutaga, mvua zikikatika anarudi zake kaskazini, maeneo ya Ziwa Victoria. Hajengi mtini wala chini ya paa. Anaingia kwenye shimo la ardhini, lililochimbwa na mhanga au lililotitia lenyewe, anabandika kikombe cha tope na majani kwenye dari la shimo. Anataka nyasi za milimani, na nyasi hizo kwingi Afrika zimeshapandwa misonobari na miwati. Ndiyo maana yuko kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Ukimuona anaingia shimoni, unarudi nyuma kimyakimya na kushukuru.

Kiongozi wetu alipomuona akapiga mluzi, "Njooni huku, kiota!"

Askari wa hifadhi alikuwa mbele na kundi la kwanza, hakuona kitu. Sisi kama 20 hivi tukazunguka tundu lile kama watu walioambiwa mtoto katumbukia kisimani. Jamaa mmoja kalala kifudifudi, kazamisha mkono wenye simu, tochi inawaka, anarekodi makinda. Hapo sijafika kwenye spika. Kiongozi akatoa spika begini, akapiga sauti ya mbayuwayu huyohuyo. Dume akaja mbio, akazunguka vichwani mwetu, akaondoka, akarudi tena. Watu wanashangilia, dada mmoja anasema "anatusalimia". Anatusalimia nini! Anasikia dume mwenzake kaingia kwake, anatafuta wa kupigana naye, na wakati huohuo wanawe hawajala. Nilitazama saa: dakika 40 hakuna mzazi aliyeingia shimoni. Na kule ni mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, upepo wake unakata masikio mchana kweupe. Kinda asiye na manyoya anavumilia vipi?

Nikamwambia kiongozi kwa upole kabisa, "Kaka, tusogee basi wakalishe." Akanijibu mbele ya watu: "Mzee, hawa wamelipia. Kama una huruma sana kakae kwenye gari."

Nikaenda kukaa kwenye gari. Hilo nalo linaniuma, ningebaki nigombane.

Wakati wa kurudi kuna waliopanda na okidi vichwani, wamezichuma hifadhini. Nisijifanye malaika hapa. Utotoni, kabla pale hapajawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, tulichimba sana chikanda, yaani viazi vya okidi vinavyoliwa, na kuwauzia waliokuwa wakivivusha kwenda Zambia. Lakini sisi tulikuwa tunatafuta hela ya madaftari, hatukuvaa fulana zilizoandikwa "Tulinde Ndege Wetu".

Jumapili nikaandika kwenye kundi la WhatsApp, kistaarabu tu, kwamba spika na kuzunguka viota viachwe. Nikatolewa ndani ya dakika 5. Jana rafiki ananitumia tangazo lao jipya: safari ya pili mwisho wa mwezi, picha ya makinda walewale wamefumba macho kwa mwanga wa tochi, na maneno "KIOTA UHAKIKA".

Hela yangu wala siidai. Nataka picha ile iondolewe na safari hiyo isiende pale.

NYONGEZA: Mnaoandika "ndege tu hao mkuu, tupunguze stress", sawa, piteni. Wanaoniuliza PM shimo liko upande gani, hata msihangaike, sitaji. Aliyekuwa kwenye ile Coaster na ana video ya spika ikilia anitumie, maana Alhamisi napanda Matamba mwenyewe kuwapelekea watu wa hifadhi maelezo kwa maandishi na sitaki kwenda mikono mitupu.