Naomba ushauri: siku ya kwanza Beijing na kundi la wanafunzi

Wakuu, habari za majukumu. Nasindikiza wanafunzi wa chuo wanaosoma Kichina, tunatua Beijing Jumapili usiku. Ratiba tuliyopewa inasema Jumatatu asubuhi twende kwenye kasri la wafalme wa zamani, wakati Jumatatu kwa kawaida hufungwa, na hata siku nyingine tiketi zinakatwa mapema mtandaoni kwa namba ya pasipoti. (Aliyeipanga sijui alimuuliza nani.)

Nawaza tupande Ukuta Mkuu, upande wa Mutianyu. Ila saa mbili asubuhi ya kule ni saa tisa usiku ya Dar, vijana si watasinzia ngazini? Au tuanze taratibu na kilima cha Jingshan, kasri tulione kutoka juu?

La pili, malipo. Mimi nimeshaunganisha kadi yangu na Alipay (programu ya kulipia kwa simu kule), lakini wanafunzi wengi hawana kadi. Wauza vyakula wa mitaani wanapokea noti bila usumbufu?

Halafu WhatsApp kule imezibwa na wazazi watataka habari usiku huohuo. Kuna aliyetumia rominga ya laini ya nyumbani ikakubali? Gharama je?